Mkono wa Usukani

Fundi alichungulia ndani ya tanuri. Mkono wa usukani wa lori, aliouchomelea mwenyewe asubuhi ile, ulikuwa umeiva mwekundu. Alipogeuka, mumewe dereva alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo ya maji.

"Mama watoto, utoe tuupoze. Mzigo unanisubiri."

"Utapoa humuhumu, polepole."

"Si umeshaunga? Unangoja nini tena?"

Fundi aliokota kipande cha chuma cha aina ileile, alichowahi kukipoza kwa maji, akakigonga nyundo mara moja tu. Kikakatika kama biskuti.

"Na wewe uko mlimani, na shehena mgongoni," alisema, akifunga mlango wa tanuri. "Mimi ujane siutaki."

Mumewe aliviangalia vile vipande viwili sakafuni. Akamwaga maji nje, akaipindua ndoo, akaikalia.