Barua ya Mwanakombo

"Bi Hidaya, hilo 'unless' maana yake nini?" jirani yake Mwanakombo alimuuliza wiki iliyopita, alipokuwa akisomewa barua ya shule ya mjukuu wake.

Mtaa mzima humpelekea Bi Hidaya barua za Kizungu, maana marehemu mumewe alikuwa karani. Akaona haya kusema hajui. "La kupambia tu, shoga. Nafasi kapewa mtoto mwingine. Mola atafungua mlango."

Leo Mwanakombo karudi na barua ile. "Mwalimu kanisomea. Hilo 'unless' ni 'isipokuwa'. Nafasi angepewa mwingine kama tusingefika kabla ya Ijumaa. Na leo Jumapili."

Tasbihi ikamkwama Bi Hidaya kidoleni. "Sikulijua, mwenzangu. Niliona haya."

Mwanakombo akaiweka barua mkekani, juu ya zile za watu wengine zilizokuwa zikingoja kusomwa, akatoka.