Nyumba Aliyoitangaza Sekiete

Siku Mwajabu alipotoka eda ya mumewe Sekiete, nywele zingali na maji ya kuoga, mkaguzi wa nyumba alipiga hodi na kioo chake mkononi. Kila nyumba hutangazwa inapojengwa kwamba itachukua watu wa aina gani, na tangazo hilo hukaa ukutani, halionekani ila kwa kioo. Mwenyewe akifa, ndilo huamua nani abaki.

Mkaguzi alikiegemeza kioo ukutani, akasoma.

"Mwanangu, wasoma nini? Waliomo si unawaona? Mimi mkewe, na hawa wanangu watatu."

"Kioo hakitazami waliomo, mama. Kinaiuliza nyumba iliambiwa itachukua nini. Marehemu aliitangaza wiki moja kabla ya harusi yenu. Aliandikisha watumishi. Na watumishi hawarithi."

Miaka thelathini na moja, kila alipokuja mgeni, Sekiete alimwonyesha Mwajabu kwa kidole na kusema, "Mwenye nyumba ni huyu."

Mwajabu hakulia, machozi yote alikwisha kummalizia bwana yule. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akaelekea mlango wa mbele na wanawe. Mkaguzi akamgusa bega.

"Uniwie radhi, mama. Watumishi hutokea uani."