Mama Aliyeitwa na Filimbi

Lorna alipuliza filimbi ya kuwindia, ikalia kama mtoto wa kulungu aliyenaswa. Koyoti, yule mbweha mkubwa aliyekuwa akimmalizia kondoo, akachungulia ukingoni mwa korongo.

Kabla Lorna hajalenga, kulungu jike alichomoka vichakani, akamvamia koyoti kwa kwato za mbele. Jizi lile likatimua mbio, mkia limeufyata.

“Duh! Mama huyo!” mumewe, aliyejibanza kando yake, akanong'ona. “Haya, mpige basi. Kibali cha kulungu unacho, msimu unaisha leo, na friji haina hata mfupa.”

Lorna akainua bunduki.

Lakini kulungu hakukimbia. Aligeuka, akaja taratibu akinusa nyasi, akimtafuta yule mtoto aliyelia. Ubavuni alikuwa na mkwaruzo mbichi, damu inachuruzika, wala haujali. Alisimama karibu mno, hata Lorna akaona mvuke ukimtoka puani.

Mumewe akamgusa kiwiko: piga!

Filimbi ilikuwa bado katikati ya meno ya Lorna, naye alikuwa amebana pumzi muda wote huo. Pumzi ikamshinda, ikamtoka. Filimbi ikalia, kidogo tu.

Na yule mama akaitika.