Kamba ya Mafundo

Mwavita alipozungusha kamba kiunoni mwa mteja, yule mama aliruka nyuma, akaangusha kiti.

«Toa hiyo kamba! Mimi bado muzima!»

Fundi cherehani alikuwa akimjaribu Mwavita siku hiyo. Akifaulu, kazi ingekuwa yake. Namba hazikuwahi kukaa kichwani mwake, ndiyo maana mwalimu wake, aliyekuwa amemsindikiza, alimfundisha kupima kwa kamba yenye mafundo. Vidole vyake havikusahau fundo hata moja.

Mteja alikumbatia kitenge chake cha gwaride la chama, akatoka.

«Sitwayeni mwalimu,» fundi alisema polepole, akimwita mwananchi kama chama kilivyotaka, «wewe mutu wa Pangi, haukujua. Hapa Kindu kamba njo inapima maiti, kwa kukata sanda. Nani atarudi kwangu sasa?»

«Kosa ni langu, baba. Nitamufundisha njia ingine.»

«Hii ya kamba, ilimuchukua muda gani?»

Mwalimu alitazama kiti kilichoanguka.

«Miaka mbili.»

Mwavita alikuwa amejiinamia, akipapasa fundo moja moja kwa kidole gumba. Kisha akamnyooshea mwalimu kamba yote.

«Mwalimu, nilikosea fundo gani?»