Kikohozi cha Kishindo

Farasi alikohoa, na Tahir akakohoa juu yake, kwa nguvu zaidi.

Daktari wa mifugo akageuka. Tahir akajipiga kifua, akaomba radhi kwa mikono. Banda la mizigo la uwanja wa ndege wa Baiyun, China, lilinuka mafuta na samadi mbichi.

"Kaka Tahir, una nini?" akanong'ona Swalha, mkalimani aliyetumwa na mwenye farasi.

"Mimi mzima. Ni huyu, vumbi la nyasi za kwenye ndege limemwingia. Kesho kutwa limekwisha. Lakini daktari akimsikia, ni sindano, dada. Na si ya kutibu."

Swalha akamtazama farasi. Kishindo alikuwa bingwa wa kuruka viunzi: misimu sita Nairobi, hajaangusha hata kimoja. Aliowaangusha ni wapandaji, wote isipokuwa Tahir, aliyemlea tangu ananyonya. Jumapili wangekimbia hapa Guangzhou, mbio za mwisho, kisha farasi mzee akapumzike.

Daktari akaweka kipimo ubavuni mwa farasi. Kishindo akainua shingo. Tahir akaliona koo likicheza, akawahi: akakohoa mpaka machozi, akainama, akashika magoti. Kikohozi cha farasi kikapotelea humohumo.

Daktari akavua kipimo masikioni. Akauliza jambo, macho kwa Tahir.

"Anauliza umeanza lini," akasema Swalha.

Tahir akaona njia imefunguka. Akajieleza kama mchuuzi anayesifia mali yake: yapata mwezi sasa, usiku halali, shuka zinalowa jasho, hata suruali zimempwaya.

"Kaka, punguza chumvi."

"Tafsiri, dada. Yote. Akinisikiliza mimi, hamsikilizi yeye."

Akatafsiri. Daktari akarudi nyuma, akanyanyua simu ya ukutani, akasema maneno machache. Kisha akachukua karatasi za farasi, akazitazama kitambo, akagonga muhuri.

"Mzima," akatafsiri Swalha, na Tahir akambusu Kishindo katikati ya macho.

Lango likafunguliwa. Mtunza farasi wa uwanja wa mbio akapokea hatamu, bingwa akatoka kwa madaha. Tahir akamfuata.

Wanaume wawili waliovaa barakoa wakamzuia. Swalha alitafsiri polepole, bila kumtazama usoni: farasi karibu China; mwenye kifua anakwenda karantini, mpaka mwezi ujao.