Mvi Kwenye Ekseli

Nilipofungua tumbo la kile kichwa kidogo cha treni cha kuchezea, niliona kwa nini hakitembei. Nywele zilikuwa zimejisokota kwenye ekseli ya mbele, mvi tupu, zimekaza kama uzi.

"Ni mota, Advera?" Baba aliuliza begani kwangu. Aliendesha treni za kweli kutoka Tabora hadi Kigoma mpaka alipostaafu.

"Siyo mota, baba."

Miezi ya mwisho mama alilala chini sebuleni, dawa zikimpukutisha nywele. Baba alitandika reli zake ndogo kuzunguka godoro, amwendeshee treni. Mama alicheka sana. Lakini alituapisha: nywele zake zote ziokotwe, azikwe nazo. Baba aliokota kila asubuhi, akafunga kwenye leso, na leso ile tukaizika naye Jumamosi iliyopita.

Mimi ni fundi simu, vibano ninavyo. Nilivuta taratibu, unywele mmoja ukajikunjua.

"Basi. Acha."

"Zikitoka kitatembea, baba. Na mama alisema zizikwe zote."

"Najua alichosema."

Alichukua bisibisi mkononi mwangu, akarudisha mfuniko, akakaza skrubu moja moja. Akakiweka kwenye reli, akawasha umeme. Kilinguruma palepale, bila kusogea hata kidogo.

Baba aliketi sakafuni, pale lilipokuwa godoro.

"Kimepona," alisema.