Ngazi za Jumba la Shamba

Lile jumba la kale la shambani lilikuwa limegeuzwa shule, na ngazi zake za mawe zilikuwa pana kiasi cha watu wanane kupanda sambamba. Aliyezichonga alikuwa marehemu baba yake Fundi Hizza. Sasa Hizza mwenyewe ameitwa azivunje.

"Nusu zibaki, nusu uweke mteremko," Mwalimu Mkuu Mbelwa alimweleza. "Tuna mwanafunzi wa kiti cha magurudumu, Sikudhani. Kila asubuhi wenzake humbeba kama gunia. Ikiwa huwezi kugusa kazi ya mzee, Fundi, nitatafuta mwingine. Sitakulaumu."

Hizza alipitisha kiganja juu ya jiwe la chini. Hata wembe usingepenya kwenye maungio yake.

"Huyo mwingine ataziharibu," alisema. "Nitazivunja mimi."

Kwa siku tisa aling'oa jiwe moja moja bila kulipasua, akalilaza upya kwa chokaa, hadi mteremko na ngazi zilizobaki vikaonekana kama vimezaliwa pamoja.

Siku ya kumi Sikudhani alifika. Wenzake wakakimbilia kumbeba.

"Niacheni!"

Akasukuma magurudumu mwenyewe, taratibu, mpaka barazani kwenye nguzo. Hapo akageuka, jasho likimtiririka, akamwona Fundi Hizza amesimama chini.

"Umejenga wewe, babu?"

Hizza alinyoosha mgongo. "Mimi na baba yangu."

Kengele ya darasa ikalia. Sikudhani akateremka tena mpaka chini, akageuza kiti, akaanza kupanda upya.